Mto Uliozikwa Chini ya Vitalu

Bonge la tope lilimpata mpimaji katikati ya mgongo wakati ameinama, mikono yote miwili imeshika mpini wa keekee. Hakugeuka. Aliyelirusha alitaka ageuke, na yeye alikwisha kujifunza kwamba ukimpa mtu uso ndipo unapompa shabaha. Akazidi kuzungusha. Keekee yenyewe ilikuwa chuma kirefu chenye mdomo kama kijiko kilichokunjwa. Unaizungusha mpaka izame, kisha unaivuta juu, nayo inakutolea tumbo la ardhi kipande kwa kipande. Kwanza ulitoka udongo wa mfinyanzi, mweusi, unaonata kama gundi. Halafu wa kijivu. Alipovuta tena, kijiko kikaja kimejaa mchanga mweupe wa chenga, umechanganyika na makombe ya konokono wa maji baridi.

"Mto," alisema, kama anayejisemea.

"Mto gani, we Fuko?" Sauti ilitoka kwa mwanamke aliyesimama juu ya rundo la matofali mabichi, mikono kiunoni. "Mto ule pale. Au huuoni?"

Alikuwa akionyesha mfereji, ambao ulipita kando ya vitalu umenyooka kama rula, tuta la udongo huku na tuta la udongo kule. Kweli, maji yote ya mto siku hizi yalipita humo. Mabwana wa shamba la miwa la zamani ndio waliouchimba, wakaufungia mto ndani yake, kisha wakaifukia mikondo yake ya asili na kusawazisha kila kitu kwa matrekta mpaka nchi yote ikawa bapa kama sinia. Shamba lilipokufa, watu wakaingia kwenye vitalu vyake, wakajenga, wakazaa. Upande wa baharini kampuni moja ikachimba mabwawa ya kufugia kamba. Aliyewahi kuuona mto ukipinda hakuwepo tena duniani.

Mpimaji alitumwa na ofisi ya maji kuitafuta mikondo hiyo iliyofukiwa. Tuta la mfereji lilikuwa linavuja hapa na pale, bila mpango, na palipovuja hapakuwa pabovu kuliko pengine. Yeye aliijua sababu kabla hata hajafika. Tuta likipita juu ya mkondo wa kale, chini yake kuna mchanga, na mchanga hupitisha maji kama chujio. Ukijua mikondo ilipita wapi, utajua tuta litapasukia wapi. Kwake ilikuwa kazi njema, isiyo na adui.

Watu wa vitaluni hawakuiona hivyo. Fuko ndilo jina walilompa, kwa sababu fuko huingia shambani mwa mtu kutokea chini, na ukija kushtuka viazi vimekwisha.

"Dada yangu," alimwambia yule wa matofali, ambaye kila mtu alimwita Bi Tofali, "nikimaliza hapa nalifukia shimo vizuri, hutajua kama nilipita."

"Mimi si dada yako. Kule ng'ambo ya mfereji walikuja wenye vigingi kama vyako, wana adabu kama yako. Hata msimu wa mvua haujapita, likaja buldoza. Mama yangu mzazi alitolewa ndani na godoro lake."

"Wale hawakuwa wa ofisi yetu."

"Nzi wote ni wa choo kimoja. Toa chuma chako kwenye udongo wangu."

Aliteremka na sepetu mkononi. Mpimaji akatoa chuma.

*

Alikuwa amefikia kwa dada yake. Si kwa kupenda. Nyumba ya wageni iliyokuwa karibu na ghala la zamani ilijaa ghafla, siku ileile alipotaja kazi iliyomleta. Kwa Dada angalau hapakuwa na namna ya kumkatalia. Mama yao alipofariki, Dada ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye aliyeacha shule ili yeye asome. Lakini mumewe, Shemeji, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya tuta, na tangu mgeni aingie na keekee yake, salamu za majirani kwa nyumba ile zilikuwa zimepungua chumvi.

"Karibu, Bi Fuko," Shemeji alimpokea mchana ule, ameketi mbele ya sahani yake. "Leo umetoboa wapi? Niambie mapema, nisije nikakaa na kiti kikazama."

"Nyuma ya tanuri la matofali, shemeji."

"Umepata nini?"

"Mchanga."

"Mchanga!" Akamgeukia mkewe. "Unasikia? Mdogo wako kasomeshwa mpaka akafika chuo, aje kututangazia kuwa ardhini kuna mchanga."

Dada hakucheka. Aliweka sahani ya mdogo wake mezani kwa nguvu kidogo kuliko ilivyostahili. "Kuleni mmalize. Nina vyombo vya kuosha."

Mpimaji alikula akitazama kabati la vyombo. Nyuma yake ukutani kulikuwa na ufa. Aliuona siku ya kwanza, alipoinama kuokota kijiko. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Shemeji hakuziba wala hakujenga, alisogeza kabati. Na katika picha ya zamani iliyopigwa angani kutoka kwenye ndege, ambayo mpimaji aliikunja mfukoni kila siku, palikuwa na mstari mweusi unaopinda kama nyoka katikati ya mashamba ya miwa. Miwa iliyoota juu ya mkondo uliofukiwa ilikuwa na rangi yake. Mstari ule ulipita kwenye tanuri la Bi Tofali, ukajikunja, ukapita chini ya tuta penye chumba cha pampu, ukaingia chini ya sebule hii.

Alitaka kusema. Akamtazama Dada mgongoni, akamalizia chakula.

*

Kila asubuhi alipigilia vigingi vyenye vitambaa vyekundu kufuata mkondo, na kila aliporudi alivikuta vimeng'olewa. Vingine vilikuwa vinachochea moto chini ya sufuria za watu, vitambaa vimefungiwa kuku miguuni ili mwenyewe awatambue. Aliyaona hayo akayameza. Vigingi hukatwa vingine.

Keekee ilikuwa moja tu.

Aliiacha imesimama ardhini akaenda kunywa maji bombani, na aliporudi ilikuwa haipo. Juu ya tuta kulikuwa na watu wamejipanga kama wanaongojea mechi. Mmoja akatazama chini mferejini, akatabasamu. Mpimaji akafuata yale macho, akaona ncha ya mpini imejitokeza katikati ya maji ya rangi ya kahawa, inatikisika.

Akavua viatu, akavipanga pamoja, akaingia. Maji yalimfika kiunoni, kisha kifuani. Tope la chini likamshika miguu kama mtu anayemsihi asiondoke. Alivuta chuma, hakikuja. Alivuta tena akazama mzima mzima, akaibuka anakohoa, majani yameng'ang'ania nywele. Juu wakapasuka kucheka.

"Fuko anaogelea!"

"Muulizeni kama huo nao ni mto!"

Akiwa anahema, akainua macho. Kati ya wale waliosimama alimwona Dada, kapu la nguo mkononi. Dada hakucheka. Lakini hakuteremka pia. Alisimama hivyo, kisha akahamisha kapu kutoka mkono huu kwenda mkono ule, akaenda zake kuanika.

Keekee ilitoka hatimaye, pamoja na ngozi ya viganja vyake. Alipanda tuta peke yake, akavaa viatu, na kwa sababu hakujua afanye nini na hasira aliyokuwa nayo, alirudi palepale akatoboa shimo jingine.

*

Mkuu wake wa kazi alikuja kukagua na gari la ofisi. Hakuja peke yake. Aliketi naye nyuma mtu wa suti ambaye alijitambulisha kuwa mwanasheria wa kampuni ya kamba. Walisimama watatu juu ya tuta, mpimaji akafungua ramani yake ambayo bado ilikuwa ya penseli.

"Safi sana," alisema Mkuu, akifuata mstari kwa kidole. "Kwa hiyo mkondo wa kale unapita hapa, katikati ya vitalu. Karibu nyumba zote hizi ziko juu yake."

"Ndiyo, mzee. Na palipo na wasiwasi mkubwa ni hapa penye pampu. Tungeanza kwa kulihamisha tuta..."

"Tuta baadaye," akakata mwanasheria, kwa upole. "Unaweza kuthibitisha kuwa hiki kilikuwa kitanda cha mto?"

"Naweza. Mchanga, konokono, picha."

"Vizuri. Kitanda cha mto si mali ya mtu. Ni cha serikali, hata maji yakihama. Na kisicho cha mtu kinaweza kukodishwa."

Mpimaji alimtazama Mkuu. Mkuu alikuwa anatazama mabwawa kwa mbali, yaliyokuwa yanang'aa juani kama mabati mapya.

"Mzee, mliniambia ni kwa ajili ya tuta."

"Ni kwa ajili ya mengi. Wewe chora. Kuamua si kazi yako." Akashusha sauti. "Na uchore mkondo huu mmoja tu. Usituletee tambi."

Gari likaondoka. Alibaki juu ya tuta na ramani yake, mashavu yanamwaka. Kumbe Bi Tofali, na sepetu yake, alikuwa anaona mbali kuliko yeye na keekee yake. Wote waliomrushia tope walikuwa wamekosea jambo moja tu: walidhani anajua.

*

Alikwenda moja kwa moja nyumbani akawaeleza, Dada na Shemeji, neno kwa neno. Alitegemea watakasirika. Hakutegemea kwamba Shemeji angecheka.

"Nilisema! Nilisema mimi! Kamba wao ni wa kula, sisi kamba ya shingoni." Akapiga goti lake. "Haya basi, tatizo dogo. Unayechora ni wewe. Huo mstari wako upinde kidogo. Upitishe kule vichakani, kusiko na mtu."

"Siwezi, shemeji."

"Huwezi au hutaki? Penseli si ipo mkononi mwako?"

"Mkondo uko hapa. Uko chini ya miguu yako. Nikiuchora vichakani, siku tuta litakapokatika penye pampu mtakuwa mmelala mnaamini mko salama. Sogeza hilo kabati, utazame."

Shemeji akasimama. "Unaniamrisha ndani ya nyumba yangu?"

"Nimekuomba."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Shemeji alimwambia mkewe, bila kumtazama mgeni tena. "Huyu wa kwako." Akatoka.

Dada alikuwa mlangoni, amekunja mikono. Alisema polepole, kwa sauti ya kawaida kabisa, na ndiyo iliyouma. "Nilikubeba mgongoni mpaka nikaota sugu. Nikamwambia kila mtu hapa kuwa mdogo wangu ni msomi. Leo nikienda kisimani watu wanahama upande. Na ninalokuomba, la kwanza tangu uzaliwe, ni mstari."

"Dada, si mstari..."

"Kusanya nguo zako."

"Dada."

"Nimesema zikusanye. Sitaki kukutupia nje, majirani watafurahi."

Akazikusanya. Alihamia kwenye banda la ofisi kando ya barabara, mlimokuwa na mabomba mabovu na harufu ya grisi.

Huko ndiko akili ilikomtulia. Alitandaza ile picha ya angani juu ya bomba akaitazama upya, si kwa kuutafuta mkondo aliotumwa, bali kwa kuitafuta mingine. Ilikuwepo. Mto ule haukuwahi kuwa na njia moja. Ulikuwa umetangatanga nchi nzima kama mlevi anayetafuta mlango, ukaacha mkondo huu ukashika ule, ukarudi, ukagawanyika. Mikondo ilipishana, mingine mikongwe imelala chini ya mingine. Na ile iliyokuwa mipana zaidi ilielekea baharini, kwenye mabwawa ya kamba.

Kampuni isingemruhusu kuingia, hilo alilijua bila kuuliza. Ila mabwawa yalizungukwa na barabara ya umma. Alianza kutoboa pembezoni mwa barabara hiyo, shimo baada ya shimo, walinzi wa kampuni wakimtukana kutoka upande wa pili wa ua. Mmoja alimfungulia mbwa. Mbwa akaishia kwenye mnyororo wake, akabaki anabweka juu ya udongo mpya. Karibu kila shimo lilitoa mchanga mweupe wa chenga, na konokono walewale.

*

Mkutano wa kuonyeshwa ramani uliitwa alasiri, ndani ya ghala la zamani. Watu walikaa juu ya makreti yaliyopinduliwa. Mkuu na mwanasheria walipewa viti. Mpimaji alipoingia na ramani kwapani, mtu alitema mate chini, na wengine wakaona ni wazo zuri.

Alibandika ramani ukutani. Mkuu akainuka nusu kitini.

Haikuwa na mkondo mmoja. Ilikuwa imejaa mikondo, ya buluu nzito na nyepesi, imesukana kama nywele, kutoka juu mfereji unakoanzia mpaka baharini. Alieleza kwa lugha ya kawaida: huu ni wa zamani sana, huu ukafuata, huu ndio ulikuwa wa mwisho kabla ya mfereji. Akaonyesha vitalu. Manung'uniko yakaanza. Kisha akaupeleka mkono upande wa pili.

"Na hapa ni mabwawa ya kamba. Yako juu ya mikondo mitatu. Ofisi ya kampuni iko juu ya mkubwa kuliko yote."

"Nani alikuruhusu kutoboa kwetu?" Mwanasheria alikuwa amesimama.

"Sijatoboa kwenu. Nimetoboa barabarani, na barabara ni ya umma. Uliniambia kitanda cha mto hakina mwenyewe hata maji yakihama. Nimevitafuta vitanda vyote. Kama sheria ndiyo hiyo, basi hakuna mwenye chake hapa, kuanzia kwako."

Ghala zima likapiga hesabu. Kisha Bi Tofali akapiga yowe kutoka nyuma: "Basi kamba nao wahame! Na magodoro yao!"

Kicheko kilichotoka hapo kilitikisa mabati. Watu waligongana mabega. Mzee mmoja akaomba kamba waandaliwe mkutano wao. Mwanasheria alikuwa anakusanya makaratasi, na kwa mara ya kwanza tangu afike, mpimaji aliona nyuso za watu wa vitaluni zimemgeukia bila chuki.

Angeweza kukaa chini. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakukaa.

"Bado," alisema. "Tuta penye chumba cha pampu limekaa juu ya mchanga mtupu. Maji ya masika yakija kwa nguvu, litakatika hapo. Nyumba za mstari wa nyuma yake zihame, na tuta jipya lijengwe mahali pake, ndani zaidi. Kabla ya mvua."

Kicheko kilikufa kama mshumaa kwenye upepo. Shemeji alisimama, akavuta koti lake.

"Kumbe ndivyo," alisema. "Umetuponya kidonda ili utukate mguu. Wao wametaka kututoa kwa sheria, wewe unataka tujitoe wenyewe. Afadhali wao, wana suti."

Watu walimpigia makofi. Aliyetema mate mwanzoni alitema tena, safari hii karibu zaidi.

Nje, Mkuu alimsubiri kando ya gari. "Tambi," alisema. "Nilikuambia usiniletee tambi. Jumatatu utaripoti stoo."

*

Kampuni haikudai tena kitanda cha mto. Haikutangaza, iliacha tu kuulizia. Mpimaji alikuwa stoo anapanga mabomba kwa ukubwa wakati habari zilipomfikia za vitaluni, na aliyezileta alikuwa dereva wa ofisi, mpenda maneno.

Alisimulia kuwa Shemeji hakutaka kusikia habari ya kuhama. Mkewe ndiye aliyelisogeza kabati. Alitia mkono kwenye ufa, ukaingia mpaka kwenye kifundo. Akachukua jembe, akazunguka nyuma kwenye mguu wa tuta, na pale penye pampu akakuta udongo unachemka: maji yanabubujika kutoka chini, yamebeba mchanga mweupe. Aliusimamia ule mchanga siku nzima, akimwita kila mpita njia aje aushike kwa mkono wake. Kisha akapanda juu ya paa la nyumba yake mwenyewe akaanza kung'oa bati. Majirani walimtukana. Halafu mmoja akaanza kung'oa la kwake, na mwingine. Wa mwisho kupanda juu ya paa alikuwa mwenyekiti wa kamati.

Tuta jipya likajengwa ndani zaidi, kwa majembe na matusi. Na masika ya mwaka ule yakaja manyonge kama machozi ya mamba. Mfereji haukujaa hata nusu. Tuta la zamani lilibaki limesimama penye pampu, zima, likimtazama kila mtu aliyebomoa nyumba yake.

Mpimaji alikwenda siku ya mapumziko, bila keekee. Alipita mbele ya Bi Tofali, ambaye hakuitikia salamu. Dada alikuwa kwenye kiwanja kipya, kuta zimefika kifuani, anapanga mabati ya zamani chini. Mikono yake ilikuwa na mikwaruzo mingi.

"Shikamoo, Dada."

Dada aliendelea kupanga. "Mvua haikuja," alisema.

"Haikuja."

"Nimebomoa nyumba yangu."

"Najua."

"Mume wangu haongei na mimi. Mstari mzima hauongei na mimi. Wanasema mimi na wewe ni kitu kimoja." Akainuka, akajishika kiuno. "Sema nimeibomoa bure."

"Siwezi kusema hivyo."

"Sema. Walau nikuchukie vizuri."

Mpimaji akatazama tuta, kisha akamtazama dada yake. "Hukuibomoa bure."

Dada akavuta pumzi kwa nguvu, kama mtu anayetaka kutukana na ameishiwa. Akainama, akashika ncha ya bati refu, likapinda mkononi mwake.

"Usisimame hapo kama kigingi," alisema. "Shika upande huo. Na uangalie misumari, sina dawa ya kukupaka."